Mama, kuanzia mwezi huu natuma hela mara moja tu kwa mwezi

Mama shikamoo. Dada, shemeji, na wewe mdogo wangu wa mwisho, mambo vipi hapo Makambako, najua sa hivi baridi imeshaanza kuuma na mama ameshatoa lile blanketi zito. Mie mzima kabisa namshukuru Mungu. Naandika nikiwa nimejilaza ndani ya lori hapa Walcott, Iowa, pembeni ya barabara wanaita I-80, kuna kituo cha malori wanasema ndo kikubwa kuliko vyote duniani na ukikiona unaamini, maroli yamepangwa kama Tunduma foleni ikikaza, ila hapa hakuna anayepita na ndoo ya mayai ya kuchemsha. Sheria inanilazimisha kupumzika masaa 10 na nimeshalala 6, nikaona badala ya kurekodi voisi kumi za WhatsApp ambazo mtasikiliza nusu bora niandike barua nzima, mdogo wangu utamsomea mama taratibu, usiruke sehemu.

Ninachotaka kuongea ni hela. Dada, mwezi wa kwanza ulinipigia ukaniomba laki moja na nusu ya sare na vifaa vya mtoto anaingia fomu wani, nikakwambia sina, ukanyamaza kidogo alafu ukasema, dereva wa lori Marekani anakosaje laki moja na nusu. Sikukujibu vizuri siku ile na naomba unisamehe. Nilikuwa Rawlins, Wyoming, barabara imefungwa siku ya pili kwa upepo na theluji, nje nyuzi 18 chini ya sifuri, malori mamia yamesimama, na kwenye akaunti yangu kulikuwa na dola 31. Hiyo ndo ilikuwa kweli. Swali lako lilinikaa kichwani toka Wyoming mpaka nashuka ule mlima wa Donner kule California, Kitonga ya barafu, na sikuwa na jibu hata la kujipa mwenyewe, maana mwaka mzima nilikuwa nafanya kazi na hela zilikuwa zinaingia kila Ijumaa.

Kwanza niwaeleze tunavyolipwa maana nadhani sijawahi kuwaeleza. Hatulipwi kwa mwezi wala kwa siku, tunalipwa kwa maili. Mie napata senti 58 kwa kila maili. Wiki nzuri naenda maili 2,600 inakuwa dola 1,508, wakitoa kodi na bima ya afya nabaki na kama 1,150 mkononi. Wiki mbaya, theluji, au lori liko gereji, au ghala limekuweka masaa matano ndo wapakue, unafanya maili 1,400 unapata 812 kabla hawajakata. Gurudumu lisipozunguka hamna hela. Na huwezi kusema utafidia kwa kuendesha usiku kucha kama enzi za mzee, kuna mtambo kwenye lori unahesabu kila dakika, masaa 11 ya kuendesha ndani ya masaa 14 tangu uanze kazi, basi, na ukimaliza masaa 70 ya kazi ndani ya siku 8 unakaa chini hata kama mzigo ni wa haraka kiasi gani.

Sasa baada ya Wyoming nilivyofika California nikatoa risiti zote kwenye mfuko wa mlango, nyingine maandishi yameshafutika inabidi uzielekeze kwenye taa, nikazipanga kitandani nikaanza kujumlisha mwezi mmoja tu, wa kumi na moja. Chakula peke yake dola 1,260. Mama sijakosea, elfu moja mia mbili na sitini, na sijala hoteli kubwa hata siku moja, ni vile tu asubuhi unashuka unachukua mkate wa mayai na kahawa, mchana kipande cha kuku na soda, usiku unakaa mezani kwa sababu umechoka na unataka kusikia sauti za watu, kila siku dola 42 zimeondoka na hujaona zilivyoondoka. Chumba nilichokuwa nimepanga mji wa Columbus dola 700, na mwezi ule nimekilalia usiku 4. Alafu ikaja ya kutuma nyumbani. Nilituma mara 11 ndani ya mwezi mmoja. Kuna siku nimetuma dola 15, kuna siku 20, kila moja na makato yake, na siwalaumu nyie maana kila mliloomba lilikuwa na sababu, ila hakuna hata moja lililokwisha, mfuko wa saruji mmoja mmoja, dawa nusu dozi, mchango wa msiba huu na harusi ile. Sikuwasaidia vizuri na mie nikabaki mtupu.

Nikamkumbuka mzee, Mungu amrehemu. Mnakumbuka lile boksi la bati alilokuwa amelifunga chini ya tela? Jiko la mkaa, sufuria mbili, unga, chumvi, mafuta ya kupikia kwenye kichupa cha maji. Akifika Tunduma foleni siku tatu, au akienda Lubumbashi kufuata shaba akakwama Kasumbalesa, utingo anawasha moto wanasonga ugali pale pale kivulini mwa tela. Niliposafiri naye ile likizo ya darasa la sita niliona aibu, wenzake wengine walikuwa wanakula mgahawani na yeye ananipa ugali na dagaa kwenye mfuniko wa sufuria. Nilidhani ni umaskini. Kumbe ile posho ya njiani ambayo hakuila ndo vyumba viwili mnavyolala.

Basi na mie nikatengeneza boksi langu. Nimenunua jiko dogo la umeme linafanana na kile kimkoba cha kubebea chakula, linachomekwa pale pa kuwashia sigara, volti 12, linapasha polepole sana lakini uzuri wake ni kwamba unaweka chakula kwenye bakuli la foili unafunga mfuniko unaendesha, masaa mawili baadaye unasimama chakula kinafuka moshi. Nina kifriji kidogo nyuma ya kiti, na kasufuria ka umeme ka wali kanakotumia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Jumapili natafuta duka kubwa ambalo wanaruhusu lori kupaki, nanunua kuku, maharage, mchele, kabichi, mayai, ndizi, unga nanunua kwenye maduka ya Waafrika nikipita Columbus, jumla dola 85 kwa wiki. Ugali nasonga ndani ya kale kasufuria, mwiko nimekata mpini ili uingie. Dagaa tu ndo sipiki humu maana harufu inakaa wiki nzima kwenye pazia. Kwa wiki nne ni 340 badala ya ile 1,260 ya mwezi, yaani kama dola 900 kwa mwezi zimebaki mfukoni bila kuongezewa mshahara hata senti. Kuoga silipi, ukijaza dizeli ya kampuni ukapitisha kadi yako ya mteja wanakupa pointi za bafu, ambaye hana pointi analipa kama dola 17 kuoga mara moja. Chumba nimekiacha, sa hivi tunachangia nyumba na Watanzania wengine watatu, natoa 250 naweka vitu vyangu na anuani ya leseni, nikirudi kupumzika nina kitanda.

Na siyo hela tu mama. Huku dereva lazima apimwe na daktari ndo apewe cheti cha afya cha kuendesha lori, ukiwa mzima wanakupa cha miaka 2. Mie mwezi wa pili presha ilisoma 148 kwa 94, wakanipa cha mwaka 1 tu, daktari akaniambia wazi kwamba ikiendelea kupanda wataninyima. Vile vyakula vya barabarani vya chumvi na mafuta ndo vilikuwa vinanifikisha huko, mapaja ya kuku ya kukaanga kila siku na umekaa chini masaa 11. Toka nianze kupika nimepungua kilo 6 na juzi nimepima 131 kwa 84. Msihofu, ila muelewe kwamba kazi hii inaweza kuisha kwa kipimo kimoja cha mkono. Au kwa ajali. Au kwa sheria, tangu mwezi wa sita 2025 askari akikusimamisha ukashindwa kuongea naye Kiingereza cha kueleweka anakutoa barabarani papo hapo, mie naongea nashukuru, lakini kuna wenzangu wazuri sana kwenye usukani wameshakwama. Ndo maana nataka kwanza niwe na akiba ya miezi mitatu ambayo haiguswi, lengo langu ni dola 7,500 na mpaka leo nina 4,600. Hii siyo hela ya nyumba wala ya harusi, naomba mtu asiipigie hesabu.

Mdogo wangu hii sehemu ni yako kwa sababu kila siku unaniuliza kwanini sinunui lori langu. Mwezi wa tatu kuna kampuni ilinipigia, wanakupa lori bila kianzio, unalipa kila wiki, wanakwambia wewe sasa ni bosi. Nilikuwa nimeshika kalamu. Rafiki yangu mmoja Mkongo, wa Lubumbashi, Kiswahili chake kitamu kweli, akaniambia subiri kaka, akanionyesha karatasi yake ya malipo ya wiki kwenye simu. Mizigo ilileta dola 4,900. Wakatoa sehemu yao, wakatoa malipo ya lori, bima, tela, dizeli, na hela ya matengenezo wanayoishikilia wao, akabaki na dola 212 kwa siku 7 bila kulala nyumbani. Wiki iliyofuata lori likafa yeye ndo akawa anadaiwa. Mwaka 2025 kamati iliyoundwa na serikali kuu ya huku ilipendekeza mikataba ya namna hiyo ipigwe marufuku, lakini bado inauzwa kila siku. Nitanunua lori siku nitakayoweza kulinunua kwa hela yangu na nikabaki na hela ya injini pembeni. Wewe maliza kozi yako VETA kwanza, habari ya kuja huku tutaongea ukiwa na cheti.

Sasa nilichoamua. Kuanzia mwezi huu natuma mara moja tu, tarehe 5, dola 400, kutoka benki moja kwa moja. Sitaenda tena kwenye vile vibanda na keshi, tangu Januari 2026 ukituma nje kwa keshi serikali inakata kodi asilimia 1, ukituma kutoka akaunti au kwa kadi ya benki ya huku hawakati. Kwenye hiyo 400, 150 ni ya mama, chakula na dawa zake za mwezi mzima, dada nunua dawa zote kwa mkupuo. 200 ni ya ile nyumba ya mama tunayojenga. 50 iliyobaki dada nakuomba ufungue akaunti UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mfuko wa Ukwasi, ule unaoweza kutoa hela yako ndani ya siku chache, hiyo itakuwa ya dharura ya familia na nyie ndo mtakaa mkaamua ipi ni dharura na ipi inasubiri. Mchango wa harusi ukija mtautoa humo au mtasema hapana, msiniulize mie, maana mie nikiwa mbali kila ninachoombwa naona ni cha lazima na nashindwa kukataa. Ila mama akiumwa, au mtoto, pigeni saa yoyote, hata kama nimelala, hilo halina bajeti.

Kwenye nyumba, fundi asipewe hela ya vifaa mkononi, shemeji nakuomba uende naye dukani unipigie picha ya risiti. Tukimaliza lenta tunasimama, tunakusanya mpaka hela ya bati ipatikane yote ndo tununue kwa pamoja, na ziwe geji 28 zile nene siyo 30, upepo wa Makambako mnaujua, mwaka ule paa la jirani tuliliokota shambani. Hata ikichukua mpaka mwakani sawa. Najua mama unatamani uhamie kabla ya masika, na mie natamani kuliko unavyodhani, kila nikiikumbuka baridi ya huko nakuona kwenye kile chumba kinachovuja upande wa dirisha.

Dada, ile laki moja na nusu ya Januari najua uliikopa kikoba na umekuwa ukilipa na riba bila kuniambia, shemeji ndo aliniambia. Nimekutumia jana laki mbili kwenye simu yako. Haimo kwenye hiyo 400. Kamalize deni, inayobaki mnunulie mtoto viatu, nimeona kwenye picha vile vyeusi vimeshachanika mbele.

Saa yangu ya kupumzika inaisha dakika 40 zijazo, niende nikakague matairi na taa. Maharage nimeshaweka kwenye jiko, yatakuwa ya moto nikifika Des Moines. Mama nitakupigia Jumapili ukitoka kanisani, huku itakuwa alfajiri lakini nitakuwa macho nakusubiri.

Mwanao, mdogo wenu, kaka yako.