Kwa vijana wa mabegi mgongoni: kaeni Jambiani bamvua mbili

Wanangu,

Assalaam aleikum. Nawaandikia ninyi mliotoka Kampala, Kigali, Nairobi, Bujumbura au Mbeya, safari yenu iko mwezi wake wa pili au wa tatu, na sasa mmefika Unguja. Mnashuka kwenye gari namba 309 na mabegi yaliyowazidi kimo, mnalala siku mbili, mnapiga picha ufukweni, kisha mnapanda gari lilelile kurudi mjini kuwahi boti. Ombi langu ni moja. Kaeni kijijini kwetu Jambiani kutoka bamvua moja, yaani siku za maji makubwa ya bahari, mpaka bamvua ya pili, siku 14 au 15, na anayeweza atimize mwezi.

Sichagui hesabu hiyo kwa kubahatisha. Huku pwani ya mashariki bahari ndiyo saa ya kijiji. Mwezi ukiandama, na ukitimia, jua na mwezi huivuta bahari pamoja. Maji hujaa juu sana na kupwa mbali sana, tofauti ikakaribia mita 4. Hiyo ndiyo bamvua, na ukali wake hasa huonekana siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kutimia. Wiki moja mbele, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka ikawa kama mita 1. Hayo ni maji mafu. Katikati yake, kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana.

Siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa saa nne asubuhi. Sasa mtazameni anayekuja kwa siku mbili za bamvua. Analala mpaka saa tatu, anachukua taulo, anakuta mchanga, mawe na mashamba ya mwani mpaka kwenye mwamba wa baharini, zaidi ya kilomita moja. Anaondoka akiwaambia wenzake kwamba Jambiani haina bahari. Bahari ipo, ingerudi jioni, ila yeye jioni alikuwa ndani ya gari.

Na machweo msiyatafute ufukweni kwetu, jua letu linachomoza baharini. Amkeni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anayetaka kuliona likizama aende Michamvi Kae, upande wa ghuba ya Chwaka.

Chumba tafuteni kijijini, kati ya nyumba za Kikadini au Kibigija, si hotelini. Msilipe wiki mbili siku ya kwanza. Lipeni usiku mbili, mlale, msikilize nyumba, ndipo mpatane. Muulize Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ananunua nani, maana bei inayoonekana rahisi hupanda mwenye nyumba anapowaambia siku ya tano kwamba umeme umeisha. Muulize pia maji yanapandaje tangini. Yakisukumwa na pampu ya umeme, umeme ukikatika na maji yamekatika, basi wekeni ndoo mbili zilizojaa wakati wote. Yaonjeni. Visima vya karibu na ufuo vina chumvichumvi. Vinafaa kuogea na kufulia, ya kunywa mtanunua. Neti ishikeni juu ya mwanga mhesabu matundu, kwa sababu malaria Unguja imepungua sana lakini haijaisha, na mliotoka nyanda za juu zenye baridi kinga yenu ni ndogo. Dirisha liangalie mashariki, lipate upepo wa kaskazi Desemba mpaka Februari na wa kusi Juni mpaka Septemba. Chumba kisichopitisha upepo kitawatoa kijijini kabla ya siku zenu.

Mkikaa kwenye nyumba ya mtu, mwenyeji awapeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mkaandikwe. Chukueni paspoti au kitambulisho na nakala yake. Ni jambo la dakika chache, na ukiibiwa au ukiugua usiku, sheha anajua wewe ni mgeni wa nani.

Siku tatu za kwanza msifanye kitu. Nalisema hili kwa uzito. Mtu aliyezunguka miezi miwili huja na uchovu asioujua: anasahau jina la mji aliolala juzi, anagombana na kondakta kwa shilingi mia mbili, anafika mahali pazuri na hajisikii kutoa hata simu mfukoni. Huo hautibiwi kwa safari ya boti. Lala. Kunywa maji lita 3 kwa siku, kwa kuwa joto la pwani hukausha mwili hata ukikaa kivulini. Toa kila kitu begini, mpaka kile cha chini kabisa, kianikwe. Hema lililokunjwa bichi limeshaanza ukungu. Zipu iliyoingia chumvi na mchanga isafishe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na mswaki wa zamani, ikikauka isugue kwa mshumaa, vinginevyo itang'oka meno siku ya kuondoka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ikipita ya tatu, chagua kitu kimoja chenye saa yake, kifanye kila siku. Kununua vitumbua kwa mama yuleyule saa kumi na mbili na nusu. Kukaa barazani baada ya alasiri ukijifunza bao. Au ombeni mfundishwe kupika pweza wa nazi: hupigwa kwanza, au huchemshwa kwa maji yake mwenyewe mpaka alainike, kisha hufuata tui jepesi na viungo, na tui zito huingia mwisho kabisa kwa moto mdogo. Likitokota sana hukatika, mchuzi ukabaki mafuta juu na maji chini. Jifunzeni na salamu. Ukimpita mkubwa bila shikamoo, kijiji kizima kimekuona.

Siku ya tano au ya sita utachoka na mahali. Mwili umepumzika, akili bado inakimbia na ratiba za mabasi, nawe utadhani Jambiani imekwisha. Wengi hufunga begi hapo. Usifunge. Maji yakiwa yamekupwa, vaa kofia, tembea mpaka Paje, kijiji jirani, kwa mchanga mgumu, kama kilomita 6, urudi kwa gari. Kesho yake hali huwa nyingine. Anayevumilia siku hizo mbili huanza kuona vitu: ngalawa ipi ni ya nani, na kwa nini leo wanawake wametoka kwa kuchelewa kuliko jana.

Wanawake hao wanakwenda kwenye mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kimesomesha watoto wengi. Vigingi vinachomekwa mchangani, kamba inavutwa kati yake, na vipande vya mwani vinafungwa kila baada ya shubiri moja. Baada ya wiki sita hivi huvunwa na kuanikwa. Ukifungwa kwa kukazwa mno hukatika, ukilegezwa huchukuliwa na maji. Ule wa bei kubwa, kotonii, hauvumilii bahari ikipata joto, hugeuka mweupe na kumeguka. Ndiyo maana wengi wamebaki na spinosamu, ambao bei yake ni ndogo. Kwa hiyo msikatize katikati ya kamba. Piteni pembeni. Na msipige picha ya mtu aliyeinama kazini kabla ya kumsalimu na kumwomba. Mkitaka kusaidia, ulizeni jana yake, mwende kwa saa zao.

Mwambani nendeni siku za bamvua, pamoja na mwenyeji. Tokeni saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, na geukeni mara yanapoanza kuingia. Msisubiri yafike magotini. Kati ya mwamba na ufuo kuna mabonde ya chini, nayo hujaa kwanza, hivyo mtu anayesimama juu ya mwamba mkavu tayari amezungukwa nyuma. Kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo ambalo boti hupitia, msiogelee maji yanapotoka; maji yote ya ndani yanapita hapo na hakuna mikono ya kushindana nayo. Vaeni raba za kufunga kamba. Yeboyebo hunaswa na tope, zikavuka.

Ukikanyaga mdudu mwenye miiba myeusi mirefu, usichimbe kwa sindano, mwiba utakatikia ndani. Hapa tunapaka utomvu wa papai bichi. Ukichomwa na samaki taa au na yule samaki anayefanana na jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoyavumilia, kwanza ukiyapima kwa mguu usioumia, kwa dakika 30 hadi 90, kwani joto hupunguza makali ya sumu yake. Kisha nenda kituo cha afya. Mchubuko wa jiwe la bahari uoshe kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi saa ileile mpaka mchanga wote utoke. Ukiuachia, siku ya tatu umevimba. Tumbo likiharibika: maji safi lita 1, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.

Fedha toeni mjini kabla ya kuja, na nauli ya kurudi bara ifungeni peke yake, isiguswe. Papasi wa ufukweni, wale vijana wanaowafuata wageni wakiwauzia hili na lile, mjibuni kwa upole na neno moja. Ukieleza sababu umefungua mazungumzo. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Ukiingia kijijini jifunge kanga au vaa suruali na shati. Mkifika Ramadhani, mchana mtajipikia chumbani, na mtakula ndani.

Bamvua ya pili ikifika, mtaijua bila kutazama simu. Siku moja kabla ya kuondoka lipeni deni la dukani hata kama ni la kiberiti, waageni mwenye nyumba na sheha, rudisheni ndoo. Magari ya asubuhi hutoka mapema na hujaa, basi mabegi yawe mlangoni tangu usiku, yamekauka.

Mzee wenu,
Jambiani Kikadini