Mkanda wa kiuno haunyanyui mfuko

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme na wenye viwanda kuhusu viuno vya wapakiaji wetu, hasa viwanda hivi vya kusaga na kupakia, unga, chakula cha mifugo, sementi na kadhalika. Mimi ni fundi mashine hapa Dar, kiwanda sikitaji maana bado nakula hapo hapo. Ukiwa fundi unashinda umesimama pembeni ya watu wanaofanya kazi, mkono na spana lakini macho yapo kwao, unaona vitu ambavyo aliyeko ofisini hawezi kuviona hata akiweka kamera kila kona.

Beringi ikianza kulia naitwa mbio hata saa tisa usiku. Kiuno cha mpakiaji kikianza kulia anaambiwa akachue, si kuna dawa pale duka la mbele.

Kinachoniudhi zaidi ni hizi semina. Analetwa mtu na projekta, anaonyesha picha ya jamaa amepiga goti mgongo umenyooka ananyanyua kaboksi, tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunapewa soda, imeisha hiyo. Halafu tunarudi kwenye laini ambako mfuko wa kilo 50 unashuka kwenye konveya ukiwa usawa wa goti na paleti iko sakafuni nyuma ya mgongo wako, kwahiyo unainama, unavuta, unajipinda kiuno, unainama tena kuweka, ukiinuka mashine ishatema mwingine. Hapo utapiga goti mara ngapi jamani? Hata aliyefundisha semina mpeni mifuko ishirini tu tuone kama atakumbuka ile picha.

Tatizo ni mahali palivyopangwa, mtu hana kosa. Na kupanga upya wala sio mradi wa mabilioni. Kwetu kuna vijana waliwahi kuchukua paleti tupu tatu zilizokuwa zinaoza nje wakazipanga chini, juu yake ndo wakaweka ile ya kupakia, mfuko wa kwanza ukawa unawekwa usawa wa paja badala ya sakafuni, mzigo ukipanda juu wanahamia paleti nyingine iliyo chini zaidi. Kingine, paleti wakaisogeza mbali na konveya kama hatua mbili. Utadhani wamejiongezea kazi kumbe ukiwa nayo karibu sana miguu inabaki palepale na kiuno ndo kinazunguka na mzigo, ikiwa mbali kidogo inabidi upige hatua, mwili mzima unageuka. Hakuna injinia aliyewaambia. Foromani alipokuja akaamuru vitu virudi kama vilivyokuwa, eti eneo linaonekana chafu na mgeni anakuja.

Kuna hesabu ya Wamarekani ya uzito ambao mtu asizidishe akinyanyua kwa mikono, taasisi yao ya usalama na afya kazini inaitwa NIOSH, waliitoa upya mwaka 1991. Inaanza na kilo 23, na hizo ni kwa hali nzuri kabisa, mzigo uko karibu na mwili, uko sentimita 75 kutoka chini, una pa kushika, hujipindi, na hunyanyui mfululizo. Mzigo ukiwa mbele yako sentimita 50 badala ya 25 zile 23 zinakatwa nusu, zinabaki 11 na nusu. Ukiuokota chini zinapungua tena, ukijipinda zinapungua tena, ukifanya shifti nzima ndo usiseme. Sisi tunaanzia 50! Uingereza mfuko wa sementi dukani ni kilo 25, na sio kwamba wale watu hawana nguvu. Sisemi tubadili mifuko kesho asubuhi, najua kuna mashine, kuna bei, kuna wateja, ila basi kama mfuko haupungui, ile safari ya mfuko kutoka chini kwenda juu ndo ipungue.

Bosi mwingine atasema nimewanunulia mikanda ya kiuno. Hiyo mikanda hao hao NIOSH waliiangalia mwaka 1994 wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mtu ambaye bado hajaumia. Kwetu kazi yake kubwa nayoiona ni kushikilia simu.

Na wanaodhani haya mambo ya egonomia, yaani kupanga kazi iendane na mwili wa mtu, ni huruma tu kwa wafanyakazi wamuulizie Frank Gilbreth, fundi uashi wa Marekani wa zamani hizo za miaka ya 1900 mwanzoni. Aliona waashi wanainama mpaka miguuni kuokota kila tofali, yaani mtu mzima anashusha na kupandisha uzito wa mwili wake wote kwa ajili ya tofali moja, akaweka jukwaa la kupandishwa kadiri ukuta unavyopanda ili tofali na udongo vikae usawa wa mkono. Miondoko iliyokuwa 18 kwa tofali ikashuka mpaka 5, na tofali kwa saa zikatoka 120 mpaka 350. Hapo nani kapata faida kama sio tajiri?

Nigusie na wadada wanaoshona midomo ya mifuko. Ile mashine ya kushonea inatakiwa ining'inie kwenye springi ili uzito wake usikae mkononi. Springi ilikufa zamani, ikafungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, mpira ukalegea, sasa dada anaibeba mwenyewe kutwa nzima na usiku anaamka vidole vina ganzi. Nimeandika oda ya springi mpaka karani wa stoo ananikimbia. Na swichi nyekundu ya kuzimia dharura imewekwa juu kwa kipimo cha huko mashine ilikotoka, wenzetu wafupi wameegesha mti wa ufagio pale ukutani wa kuibonyezea. Hiyo ndo dharura yetu.

Kwanini tajiri haoni hasara? Kwasababu wapakiaji wengi ni vibarua, wanalipwa kwa mfuko. Akiumia haendi kulalamika popote, kesho haji, getini wamejaa wengine, kwenye vitabu hakuna aliyeumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu 2003 na inatambua wawakilishi wa wafanyakazi, lakini kwetu muwakilishi ni mtu wa ofisini, hajawahi kushika mfuko hata wa kilo tano.

Sasa ombi langu kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Mkija kukagua msiishie kwenye mitungi ya moto na sanduku la huduma ya kwanza, shukeni na futi ya kupimia, pimeni mfuko unatokea urefu gani na unawekwa urefu gani, muulizeni anayebeba angependa meza ikae wapi, na foromani awe amesogea mbali. Na mje usiku, maana mkitoa taarifa mnakuja mchana laini inapunguzwa spidi na sakafu inapigwa deki.

Fundi mashine,
Dar es Salaam