Waliosimama mlangoni nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimkumbuke mwenzetu tuliyemzika mwezi uliopita. Tulifanya kazi chumba kimoja kwa miaka 14, meza yake ikitazamana na yangu. Tarehe 16 na 17 Aprili 1977 alikuwepo San Francisco kwenye maonyesho ya kwanza ya kompyuta ya West Coast Computer Faire, amevaa beji ya mtu wa kujitolea.

Wanaoandika habari za maonyesho yale huanzia kompyuta ya Apple II, kwa kuwa ndipo Steve Jobs na Steve Wozniak, waanzilishi wa Apple, walipoitoa hadharani, na kampuni ya Commodore nayo ikaja na kompyuta yake, PET. Ni kweli, na yanastahili kuandikwa. Ila mwenzetu, ukimwuliza habari za Apple II, alikuwa akijibu kwamba aliiona Jumapili jioni, watu walipoanza kuondoka. Muda mwingine wote alikuwa na kazi.

Jim Warren, aliyeandaa maonyesho hayo, alitarajia watu 7,000 hadi 10,000. Wakaja zaidi ya 12,000. Nani aliwapokea? Vijana waliopenda kompyuta, basi. Mwenzetu alisimulia jinsi alivyokuwa akipita kando ya foleni na bunda la fomu mkononi na kalamu zimejaa mfukoni, ili mtu afikapo mezani awe amekwisha kujaza jina lake. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu wazee wamesimama muda mrefu, akatafuta njia.

Kisha waya. Hapo ndipo macho yake yalipokuwa yakichangamka kila aliposimulia. Alishinda amepiga magoti, akibandika waya za umeme sakafuni kwa utepe mpana wa gundi. Kwa kompyuta za wakati ule, mgeni mmoja akijikwaa na plagi ikachomoka, kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine kimepotea. Mwenye meza huanza upya kupakia programu kutoka kwenye kaseti, dakika baada ya dakika, huku wageni wakimtazama kisha wakisogea meza ya jirani. Kwa mtu aliyeunda mashine yake kwa mkono na kuileta aionyeshe kwa siku mbili tu, hilo ni pigo. Mwenzetu alilijua kwa sababu naye alikuwa akiunda zake nyumbani.

Tabia hiyo hakuiacha. Kabla ya kila kikao ofisini alikuwa akitazama sakafu kwanza, ndipo awasalimie watu. Tulipofungua droo yake baada ya mazishi tukakuta utepe wa gundi, mpya kabisa, na chini yake ile beji ya 1977. Pembe moja imevunjika. Wino umefifia, na katika jina lake zinasomeka herufi mbili za mwanzo tu.

Ndiyo maana naandika. Gazeti lako huchapisha makala nzuri kuhusu mwanzo wa kompyuta za nyumbani, na picha zake nazipenda. Lakini chini ya picha hutajwa mwenye kipaza sauti, na walio nyuma ya meza wanaitwa "wasaidizi", kama vile hawakuwa na wazazi waliowapa majina. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa anakaribia 70. Nakuomba uwaombe wasomaji wenye picha za mikutano ile waandike majina nyuma yake sasa, kabla kalamu haijakosa mwenye kujua.

Familia ilinionyesha picha moja: vijana wanne nyuma ya meza ya kuandikisha, fomu zimerundikana, mmoja anacheka. Mwenzetu ni wa pili kutoka kushoto. Niliwauliza wale watatu ni akina nani. Tulikuwa watu tisa chumbani, na hapakuwa na aliyejua.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi