Paneli ya wati 200 iliyorudi na boti

Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Mwanga, Kigoma, naomba kanafasi niongee kuhusu haya maneno ya "mali ikishauzwa hairudishwi" maana yamenikaa rohoni wiki ya tatu sasa.

Mama mdogo wangu anaishi Mwamgongo, kule kaskazini ukishaipita Gombe, ni boti tu kutoka Kibirizi. Msimu huu dagaa zilimkubali akadunduliza hela, akaja mjini anunue sola apate taa na awachajie majirani simu kwa mia tano mia tano. Siku hiyo mimi nilikuwa kazini kwahiyo akaenda dukani peke yake. Kijana akamwambia mama chukua hii, wati 200, orijino kabisa, kwingine laki mbili na nusu ila mimi nakupa kwa laki na nusu, ofa inaisha leo. Akalipa keshi, akaandikiwa kikaratasi kwa peni, boksi likafungwa kamba likapanda boti.

Siku ya kwanza taa nne ziliwaka mpaka saa tatu usiku zikaanza kufifia, siku ya pili saa mbili, na simu mbili tu zilikuwa zimechajiwa mchana kutwa wa jua kali. Akarudi nayo mjini, mama wa miaka 60 amekaa kwenye boti paneli ameilaza mapajani kaifunika kanga yake yeye mwenyewe analoa. Nauli kwenda na kurudi, na siku mbili za biashara zimekufa.

Nikaipeleka kwa fundi ninayemuamini. Kitu cha kwanza hakushika hata mita ya kupimia umeme, alichukua futi akapima: sentimita 67 kwa 54. Akasema dada hii ya wati 200 haiwezekani hata kwa dawa. Akanielezea vizuri nikaelewa: jua la saa sita likipiga sawasawa linatoa kama wati 1000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama sehemu moja ya tano tu kuwa umeme, yani mita nzima ya mraba ndo inakupa wati 200 au zaidi kidogo. Hii ya mama mdogo haifiki hata nusu mita. Alafu akaichomeka mita juani, ampea mbili nukta saba, volti 18, zidisha mwenyewe, haifiki hata wati 50. Ni paneli ya wati 50 imebandikwa stika ya 200. Na duka la pili yake paneli ya wati 50 inauzwa elfu 65!

Tukarudi wote dukani. Yule kijana hakubisha kwamba ni ndogo, alinyoosha tu kidole ukutani kwenye bango, mali ikishauzwa hairudishwi, akaendelea kuhudumia wateja wengine. Mama mdogo akamwambia mwanangu mimi sikununua bango nimenunua taa. Hakujibiwa.

Sasa ndugu mhariri, nachosema ni hiki, lile bango si sheria. Sheria zetu za mauzo zinasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo yake, umesema 200 nipe 200. Na tangu mwaka 2003 tuna Sheria ya Ushindani iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia. Mimi naelewa wenye maduka nao wanaumizwa, kuna mtu anaunguza kitu nyumbani kwake kwa kuunga nyaya ovyo alafu anarudisha anataka hela. Ila dawa yake ni kupima mbele ya mteja kabla hela haijatoka mkononi. Mita ya kupimia umeme sio kitu cha bei, muuza sola asiyekuwa nayo kaunta nashindwa kumuelewa anauza nini. Toka nje na paneli, igeuzie jua, mteja aone namba, muandike kwenye risiti, hapo hamna wa kumuonea mwenzake.

Na risiti ndo palipotuumiza kuliko pote. Kile kikaratasi hakina jina la duka, hakina tarehe, kimeandikwa "sola 1" basi. Kila siku TRA wanatuimbia ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, sisi tunaona ni mambo ya kodi yao, kumbe ile risiti ya mashine ndo ushahidi wako wewe mnunuzi. Jamani tudai, hata ukiambiwa ukitaka risiti bei inapanda, hapohapo ujue huyo hataki kujulikana kakuuzia nini.

Na nisiwaseme wa madukani tu, sisi wenyewe wa Kigoma tunawafanyia wageni hivyohivyo. Mtu anashuka na treni anataka dagaa na mawese ya kupeleka Dar, anauziwa dagaa zilizoanikwa chini mchangani kwa bei ya dagaa za kwenye chanja, kilo yake robo ni mchanga, kaangalie mwenyewe, chukua kiganja zisugue juu ya karatasi nyeupe uone kinachodondoka. Mawese nayo dumu linaitwa la lita 20 kumbe limebonyezwa kitako. Mizani inatakiwa iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, muulize muuzaji akuonyeshe, muungwana hakasiriki.

Ombi langu kwa Tume na Wakala wa Vipimo, msiishie kwenye semina za hotelini. Njooni sokoni Mwanga, njooni Kibirizi asubuhi boti zinapopakia, muongee na akina mama wanaobeba sola na betri kupeleka vijijini, maana wao wakiuziwa feki kurudi ni safari ya ziwani. Na bandikeni namba zenu za malalamiko palepale lilipo lile bango.

Paneli ipo kwangu sebuleni. Jumatatu naomba ruhusa kazini niende kuulizia pa kulalamika rasmi, nitaenda na kile kikaratasi hivyohivyo, pamoja na vipimo alivyoandika fundi. Mama mdogo amesharudi Mwamgongo, jana kanipigia kwa simu ya jirani kuuliza kama wa dukani wamejibu.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma.