Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya sayansi: kugonganisha chembe si kazi yangu

Mheshimiwa Waziri,

Juzi nilihojiwa na kamati ya ufadhili wa masomo ya uzamivu. Mjumbe mmoja akaniuliza, "Kugonganisha chembe kunamsaidia nani?" Nikababaika, muda ukaisha. Jibu lilinijia nimeshatoka mlangoni.

Simlaumu. Ukitaja mitambo ya kuharakisha chembe ndogo kama elektroni, watu huwaza ule wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, wenye mzunguko wa kilomita 27, uliotupatia Higgs boson, chembe iliyosakwa kwa miongo kadhaa, mwaka 2012. Hata mimi habari hiyo ndiyo iliyonivuta hadi shahada ya kwanza ya fizikia. Ila kabla ya kugongana, chembe lazima zisukumwe, zikae pamoja, zisitawanyike. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu kusukuma huko.

Mezani kwangu kuna chemba ya shaba yenye kipenyo cha sentimita 7.7 hivi. Ndani yake mawimbi ya redio ya gigahezi 3 hugeuka mara bilioni 3 kwa sekunde. Elektroni ikiwahi wimbi inasukumwa mbele. Ikikosea wakati inavutwa nyuma. Nikiishika chemba kwa kiganja, mstari kwenye skrini unaoonyesha masafa ya chemba (mawimbi mangapi kwa sekunde huitikia) unaanza kuhama, kwa sababu shaba ikipata nyuzijoto 1 tu hutanuka, na masafa hayo yakashuka kwa takriban kilohezi 50. Kuna siku nilisaka hitilafu tangu asubuhi, kumbe mtu alizima kiyoyozi!

Chemba za jamii hiyo ndizo zilizomo kwenye mashine nyingi za tiba ya mionzi. Elektroni hutoka humo zikagonga kipande cha metali ya tangsteni, eksirei zikazalika, zikaelekezwa kwenye uvimbe. Basi mjumbe wako ajue: anayesaidiwa ni mgonjwa wa saratani.

Sasa ombi langu. Fomu ya ufadhili ina kisanduku cha fizikia ya nadharia na cha uhandisi wa umeme, basi. Nilitia alama cha kwanza, nikaulizwa mbona kazi yangu ni ya mafundi. Mwenzangu alitia cha pili, akaambiwa hesabu zimezidi. Tunaomba kisanduku chetu, pamoja na mtu mmoja kwenye kamati aliyewahi kuigusa mitambo hii.

Dirisha la maombi likifunguliwa nitaomba tena. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, karibu maabara uishike chemba kwa mkono wako, uone mstari unavyokimbia.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa uzamili, fizikia