Kumbini tunaficha, kwenye simu tunaanika

Mhariri, salamu nyingi kutoka huku Mtwara. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama itazidi urefu basi kata mwishoni usikate katikati, mana katikati ndo penye hoja yangu.

Mimi nina steshenari ndogo hapa Chikongola. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga paspoti saizi, ila kwa miaka hii minne mitano kazi inayonilisha ni kutengeneza zile kadi za kwenye simu, za bethdei, za mahafali ya chekechea, za "hongera mwanangu", ambazo mtu wala hachapi kwenye karatasi, anataka nimrushie WhatsApp akaweke stetasi. Kwa hiyo haya ninayoandika sikuyasikia barazani, mkono wangu mwenyewe umo.

Mwaka jana mwezi wa pili niko dukani, ikaingia meseji kwenye grupu la wakwe zangu. Picha ya mtoto wa kiume kalala kwenye mkeka, kafunikwa khanga mpaka kifuani, macho mazito, midomo imekauka. Chini yake wameandika mtoto huyu ni yatima, ana uvimbe tumboni, anatakiwa afanyiwe operesheni wiki hii Dar, chochote ulichonacho tuma kwa namba hii Mungu atakulipa. Juu pana vile vimishale viwili vya kuonyesha imesambazwa mara nyingi. Watu washaanza amina, amina, na shemeji yangu mmoja kashatuma elfu kumi. Mimi naitazama naona mbona hii khanga naijua, nikavuta picha karibu, khanga nimeinunua mwenyewe pale Soko Kuu nikampa dada yangu. Na yule yatima mwenye uvimbe ni mpwa wangu, yuko darasa la tano, baba yake mzima mama yake mzima, na dakika ile ile alikuwa nje ya duka langu kakaa kwenye benchi anakula ubuyu mdomo wote mwekundu.

Nikamwita ndani nikamuonyesha, nilikosea hapo, nilitakiwa nimfiche. Akaangalia akaniuliza, "Mjomba, mimi naumwa?"

Picha yenyewe ilitoka wapi? Desemba iliyotangulia alipelekwa jando kwa baba yake huko Tandahimba. Siku ya pili baada ya kutahiriwa, mtoto hajalala usiku kucha kwa maumivu, baba yake mdogo akampiga picha kumbini, kule kambini wanakolazwa waliotahiriwa, akaiweka Facebook, "Mwanaume kamili sasa, hongera mwanangu", na jina la mtoto lote na la baba yake. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alikuwa na furaha, na korosho zilikuwa zimemlipa vizuri kanunua simu yenye kamera kali. Ila ile akaunti yake iko wazi, ile yenye alama ya dunia pembeni, mana ake yeyote aliyeko duniani anaona. Tapeli gani aliipita akaona hii sura ya mgonjwa inanifaa, hatujui mpaka leo. Niliripoti ile namba kwa kutuma kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na baba mdogo akafuta picha yake. Mwezi wa sita picha ikarudi tena kwenye grupu lingine kabisa, la wauza samaki, namba nyingine, ugonjwa mwingine, safari hii mtoto ana tundu kwenye moyo.

Shuleni watoto wenzake waliona kwenye simu za wazazi wao. Wanamwita Mchango. Mpaka leo, "Mchango pasia mpira", "Mchango umepona?" Siku mbili aligoma kwenda shule, baba yake akamchapa, akaenda.

Sasa Mhariri kinachoniuma zaidi ni hiki, picha ile ilipigwa kumbini. Sisi watu wa huku kusini kama kuna kitu tunakijua ni kuficha. Mama mzazi mwenyewe haruhusiwi kukanyaga kumbini, anapika chakula kinachukuliwa, habari za mwanae anazisikia kwa watu. Mtoto wa kike akiwa mwali anawekwa ndani, akitoka anafunikwa khanga gubigubi, anaongozwa kwa mkono, na nyakanga, yule kungwi mkuu wa unyago, anaapisha watu kwamba ya unyagoni hayatoki nje. Bibi yangu kafa hajaniambia hata neno moja la unyago, na nilimuuliza sana. Halafu leo siku ya kumtoa mwali nje unakuta simu thelathini zimenyanyuliwa juu, spika inalia, binti wa miaka kumi na moja anacheza mbele ya wanawake wenzake mchezo uliokuwa wa wanawake peke yao, na jioni iko TikTok. Nilifungua moja nikasoma komenti. Mhariri siwezi kukuandikia zote, ni wanaume wazima, sio vijana, wanauliza wapi hapo, nani baba yake, ana miaka mingapi, na mpiga video anawajibu! Anawajibu mpaka jina la kijiji. Yani khanga yote ile aliyofunikwa ilikuwa ya nini?

Ukiwaambia watu wanasema mtandao ni maendeleo na we una wivu. Sawa. Ngoja nirudi kwenye kadi zangu za bethdei mana huko ndo nilikokuwa nachangia.

Mama anakuja, anataka picha ya mwanae kavaa yunifomu, nembo ya shule inaonekana vizuri kifuani, juu niandike majina yake matatu, chini tarehe na mwaka wa kuzaliwa, pembeni "toka kwa mama yako kipenzi fulani na baba fulani, Shangani". Nilikuwa naandika yote napokea elfu tatu yangu. Siku moja baada ya lile la mpwa wangu nikakaa nikaitazama kadi moja kama vile mimi ndo tapeli, nikaona mbona hapa nimeshapewa kila kitu. Najua shule, najua jina, najua mama anaitwa nani. Naweza kumpigia nikajifanya mwalimu, mama fulani mwanao kaanguka hapa shuleni tunamkimbiza hospitali tuma hela ya gari haraka, na nikitaja jina lote la mtoto mama gani atauliza maswali? Au mbaya zaidi nikaenda kusimama karibu na geti la shule saa nane mchana nikamwita mtoto kwa jina lake, mama yako kanituma nikuchukue. Mtoto tumemfundisha asiende na mtu asiyemjua, ila huyu si anamjua mama, anajua mpaka bethdei yake.

Na msidanganyike na ile ya stetasi inafutika baada ya saa 24. Skrinishoti haihitaji saa 24, inahitaji vidole viwili. Kitu kingine watu wengi hawakijui, simu ikiwa imewashwa lokesheni picha inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ukituma kawaida kwa WhatsApp yale yanaondolewa, ila wateja wangu wengi wananitumia kama dokumenti ili isipoteze ubora, hapo inakuja na kila kitu, nimeshawahi kumuonyesha mteja ramani mpaka nyumba yake kwa picha aliyonitumia mwenyewe akabaki mdomo wazi.

Halafu kuna hii akili mnemba. Sasa hivi mtu anaweza kuchukua uso wa mtoto aliyevaa vizuri tu nguo za Idi akatengeneza picha chafu ambayo haijawahi kupigwa. Mwaka 2024 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kwamba picha za watoto wa Brazil zimekutwa kwenye rundo la data linaloitwa LAION-5B, ambalo limetumika kufundishia hizo programu, na baadhi ya picha zilikuwa na majina ya watoto. Nyingine wazazi na ndugu waliziweka wenyewe kwa ajili ya kuonyeshana. Mwezi uliofuata wakasema wamekuta na za watoto wa Australia. Kwa hiyo usiseme mimi niko Mtwara nani atahangaika na picha ya mwanangu, mashine haichagui Mtwara wala Brazil, inazoa tu.

Kuna jibu moja nalisikia kila nikiongea haya, "Mtoto wangu, simu yangu, bando langu." Simu yako nakubali, bando lako nakubali. Mtoto ni wako kumlea, ila sura ni yake yeye, ndo ataenda nayo kuomba kazi na kuposa. Hata sheria haiko upande wako kihivyo. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya kila mtu, haikusema kila mtu mwenye ndevu. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2009, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo ilianza kutumika Mei 2023 na tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Wenzetu Ufaransa mwaka 2024 wametunga sheria kabisa kwamba wazazi wote wawili ndo walinzi wa picha ya mtoto wao, na hakimu anaweza kumzuia mzazi mmoja asiposti bila mwenzake kukubali. Hapa kwetu sijasikia kesi ya namna hiyo, na sitaki mtu amshtaki mkewe kwa sababu ya bethdei jamani, nataka tuulizane tu.

Wa kuulizwa pia ni wale wanaokuja kugawa viatu na madaftari shuleni. Mtoto mmoja jozi moja ya viatu, picha arobaini. Anasimamishwa na miguu yake yenye vumbi, "watoto hawa walikuwa wanatembea peku", na sura yake inaenda kuombea hela nyingine. Hapo sina maneno mengi, wanajijua.

Ila nisiwe mkali upande mmoja. Dada yangu mwingine yuko Oman anafanya kazi za ndani, mwanae kamuacha na bibi, picha za kwenye simu ndo macho yake. Huyo utamnyima? Mtumie yeye, moja kwa moja, za mwanae na za bibi. Tofauti ya kumpelekea mama picha na kubandika mnadani si inajulikana? Mtu ana namba mia sita kwenye simu, humo kuna fundi bomba, kuna aliyemuuzia kuku mwaka juzi, kuna bodaboda aliyempanda mara moja, wote wanaona mtoto kaoga. Ingia kwenye setingi, sehemu ya faragha, uchague wa kuona, dakika mbili nyingi.

Dukani kwangu nimebadilisha. Kadi ya bethdei naandika jina moja la nyumbani, Chichi, Baba Mkubwa, vyovyote mnavyomwita, mwaka sitii, nembo ya shule naifunika na puto. Wateja wengine wamekimbia. Mama mmoja aliniambia we mwanaume una gubu kuliko mama mkwe wangu, nimekuja kutengenezewa kadi sijaja darsa, akaenda duka la mbele wakamuandikia mpaka kilo alizozaliwa nazo. Na ikishatokea mbaya msikae nayo ndani kwa aibu, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, au nendeni dawati la jinsia na watoto polisi, na kabla hujafuta chochote hifadhi ushahidi, sisi tulifuta kwa hasira tukabaki hatuna cha kuonyesha.

Ombi langu kupitia gazeti lako ni kwa manyakanga, mangariba na watendaji wetu wa kata na vijiji. Desemba inakuja, shule zinafungwa, hela ya korosho itakuwa imeingia na ngoma zitakuwa kila mtaa. Mtu akija kuomba kibali cha ngoma muandikieni humo humo kwamba simu hazivuki kuingia kumbini wala kwenye chumba cha mwali. Na nyakanga unapoapisha watu kuhusu siri, ongeza na kamera kwenye kile kiapo, nadhani mizimu itaelewa.

Mwaka huu ni zamu ya mdogo wake Mchango kwenda Tandahimba. Juzi kaka mtu alikuja dukani akanisimamia pembeni ya mashine ya kopi kimya, halafu akauliza, "Mjomba, na yeye watampiga picha?" Nimeshaongea na baba yao mdogo. Simu ataniachia mimi hapa wiki nzima, nitamchajia bure.

Mwenye steshenari,
Chikongola, Mtwara