Barua kutoka El Paso: chuo alichosoma mkimbiaji Nyambui

El Paso, Texas

Baba Mdogo, shikamoo.

Huku hatujambo. Dawa za Mama nimempa yule dada anayekuja likizo, atazifikisha.

Uliniuliza kwenye simu kama watu wa Texas wanajua mpira. Wanajua, ila mpira wao ni ule wa kubeba mkononi na kuangushana, na wana wazimu nao. Mji wa Allen, karibu na Dallas, ulijenga uwanja wa dola milioni 60 mwaka 2012, wa watu 18,000. Uwanja wa shule ya sekondari, Baba Mdogo! Haikupita miaka miwili zege likaanza kupasuka, ukafungwa. Nilicheka peke yangu.

Sisemi hawana cha kujivunia. Jack Johnson, mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, mwaka 1908, alizaliwa Galveston. George Foreman, bondia ambaye Muhammad Ali alimwangusha Kinshasa, ni wa Marshall, hukuhuku Texas. Lakini mimi wakianza majigambo nawapeleka kwenye hiki chuo cha hapa, UTEP, yaani Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, kilicho jangwani, jirani kabisa na Mexico.

Mwaka 1966, kikiitwa bado Texas Western, kocha Don Haskins aliwaanzisha weusi watano kwenye fainali ya kikapu ya vyuo vya Marekani. Wapinzani wao Kentucky walikuwa wazungu watupu. Matokeo 72-65, Kentucky wakafungwa. Wakati ule vyuo vingi vya kusini havikuwa na hata mchezaji mmoja mweusi.

Usidhani palikuwa peponi, hata hivyo. Mwaka 1968 Bob Beamon, mwanariadha wa kuruka mbali wa chuo hiki, na wenzake waligoma kushindana na Brigham Young, chuo cha kanisa ambalo halikuwapa weusi upadri, wakanyang'anywa ufadhili wao. Oktoba ya mwaka huohuo Beamon akaruka mita 8.90 kwenye Olimpiki ya Mexico. Rekodi ile ilikaa hadi 1991. Mimi ningekuwa mkuu wa chuo ningejificha uvunguni.

Halafu wakaja wa kwetu. Suleiman Nyambui wetu wa Mara alisoma hapahapa! El Paso iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, sawa tu na Musoma, ila ziwa hakuna; ni vumbi, jua na milima ya mawe. Mwaka 1980 alipata fedha ya mita 5,000 Moscow nyuma ya Yifter wa Ethiopia, na Novemba akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani. Medali ile na ya mkimbiaji mwenzake Filbert Bayi ndizo mbili tu ambazo Tanzania tumewahi kupata Olimpiki, na zote ni za Moscow. Nikiwaambia vijana wa hapa kwamba mmoja wa hao wawili alipita chuoni kwao, wananitazama tu.

Na Gidamis Shahanga naye alikuwa UTEP, tayari akiwa bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola ya 1978. Mwaka 1981 timu ilitwaa ubingwa wa nyika kwa pointi 17. Nyika unajumlisha nafasi za wakimbiaji watano na mwenye pointi chache ndiye mshindi, kwa hiyo chini ya 15 haiwezekani. Wengine walinung'unika kwamba hawa si wanafunzi, ni watu wazima. Walikuwa watu wazima kweli, lakini chuo ndicho kilichowaita.

Ndiyo maana mdogo wangu asisubiri amalize kuzunguka mitaani. Siku hizi umri unahesabiwa, na cheti wanakitazama kabla ya miguu. Anitumie matokeo yake ya kidato cha nne na muda wake wa mita 1,500, uliopimwa na mwalimu, si ule anaojitangazia kijiweni.

Nawe niambie: mbio zile za Moscow mlizisikia redioni, au habari iliwafikia baadaye? Bibi msalimie sana.

Mwanao,
El Paso